Askari Aliyejeruhiwa Arudipo Nyumbani

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Huenda baadhi yenu mkashangaa kwa nini katika semina ya Haki na Amani tumekuja na riwaya mikononi. Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, rushwa na uchaguzi. Hayo yote ni ya lazima, nasi hatuyaachi. Lakini amani haikai katika mikataba peke yake. Vita vya mataifa huisha siku wakubwa wanapotia sahihi karatasi. Bendera hupandishwa, kengele hupigwa, na magazeti huandika kwamba mambo yamekwisha. Katika nyumba ya mtu mmoja mmoja, hata hivyo, siku hiyo huenda ikawa ndiyo mwanzo. Mtu aliyeondoka akiwa mzima anarudi akiwa na jeraha. Pengine jeraha hilo linaonekana, pengine halionekani kabisa. Nani atampokea? Atapokewa kwa masharti gani? Na wale waliobaki nyumbani, ambao nao waliumia kwa namna yao, watasikilizwa na nani?

Maswali hayo ni ya haki kabla ya kuwa ya fasihi. Tumechagua kuyatazama kupitia riwaya nne zilizoandikwa na wanawake, kwa sababu iliyo wazi. Masimulizi mengi ya vita yanaishia uwanja wa mapambano: nani alishinda, nani alikufa kishujaa. Wanawake hawa wameanza pale ambapo masimulizi hayo yanaishia, yaani mlangoni. Wao walijua kwamba anayeamshwa usiku na kelele za mume anayeota vita ni mke, na anayepika chakula kisicholiwa ni mama au dada. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanawake hao walikilalia kitanda hicho, nao wakaandika.

Riwaya hizo zimetoka Uingereza na Marekani, nazo zinahusu vita vya mbali nasi. Tutaziacha zikae huko huko zilikotoka, tusizivike kanzu yetu. Hata hivyo, msikilizaji mwenye busara atajua mwenyewe mahali zinapobisha hodi kwake.

1. Kumponya kwa ajili ya nani?

Riwaya ya kwanza ni The Return of the Soldier, ya mwandishi Mwingereza Rebecca West. Ilitoka mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ikiwa haijaisha au ndiyo inaisha, na mwandishi alikuwa kijana wa miaka 25. Mhusika mkuu ni Kapteni Chris Baldry, bwana wa nyumba kubwa na nzuri karibu na London. Anarudi kutoka vitani akiwa mzima wa mwili, lakini amepoteza kumbukumbu ya miaka 15 ya maisha yake. Hamkumbuki mkewe, Kitty. Hakumbuki kwamba walipata mtoto wa kiume, Oliver, na kwamba mtoto huyo alifariki. Anayemkumbuka ni Margaret, binti wa mwenye nyumba ya wageni kando ya mto Thames, ambaye alimpenda ujanani. Margaret huyo sasa ni mwanamke wa makamo, mke wa mtu mwingine, maskini, mwenye mavazi yaliyochakaa.

Anayetusimulia ni Jenny, binamu wa askari. Mwandishi amefanya busara kumpa yeye usimulizi, maana kupitia macho yake tunaiona nyumba nzima inavyohangaika. Kitty anaumia, na maumivu yake si ya uongo. Ni mke ambaye mumewe anamtazama kama mgeni. Lakini pia anaona haya kwamba furaha ya mumewe iko kwa mwanamke maskini mwenye mikono iliyokomazwa na kazi. Jenny mwenyewe mwanzoni anamdharau Margaret, na polepole anatambua kwamba ndiye mwenye moyo mpana kuliko wote.

Kisha anakuja daktari. Inafahamika kwamba Chris anaweza kurudishiwa kumbukumbu akikumbushwa jambo lililo zito kuliko yote, yaani mtoto wake aliyefariki. Margaret naye amefiwa na mtoto wa kiume. Ndiye anayepewa kazi ya kumpelekea Chris vitu vya kuchezea na nguo ya mtoto huyo. Anasita. Anajua kwamba wakimwacha alivyo ataendelea kuwa na furaha, lakini furaha ya mtu aliyefungiwa nje ya ukweli wa maisha yake mwenyewe. Anajua pia kwamba akipona, jeshi litamchukua tena na kumrudisha kwenye mahandaki ya Flanders, ambako pengine hatarudi. Mwishoni anampelekea vitu vile. Chris anarejea nyumbani akitembea kwa hatua za askari, uso wake umebadilika, na mkewe anafurahi kwamba amepona.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo kitabu kinapotuachia mwiba. Neno "amepona" linatamkwa kwa furaha, na msomaji anasikia uchungu. Amepona ili afanye nini? Mara nyingi tunapomwombea mgonjwa apone, ndani ya sala yetu tumeficha madai yetu: arudi kazini, alipe karo, heshima ya nyumba isianguke, majirani wasiseme. Hatutaki kusema kwamba ukweli ufichwe. Margaret alichagua ukweli, nasi tunaona kwamba alichagua vema, kwa kuwa hadhi ya binadamu haijengwi juu ya usahaulifu. Lakini Margaret alilia alipochagua. Wengine walitaka tu kitu chao kirudi mahali pake. Ipo tofauti kubwa kati ya kumrudishia mtu maisha yake na kumrudisha mtu kwenye matumizi yetu.

2. Wakubwa wanaosema, "Huna ugonjwa wowote"

Riwaya ya pili ni Mrs Dalloway ya Virginia Woolf, iliyotoka mwaka 1925. Matukio yake yote yanatokea siku moja ya mwezi Juni 1923, jijini London, miaka karibu mitano baada ya vita kuisha. Mama mmoja tajiri, Clarissa Dalloway, anajiandaa kwa karamu ya jioni. Katika jiji hilo hilo anatembea kijana Septimus Warren Smith pamoja na mkewe Lucrezia, mwanamke wa Italia, mshona kofia. Septimus alikuwa miongoni mwa waliojitolea mapema kwenda vitani. Rafiki yake na mkubwa wake, Evans, aliuawa huko Italia vita vikikaribia kwisha, naye Septimus alijipongeza kwamba hakusikia uchungu. Baadaye ganzi hiyo hiyo ndiyo ikawa ugonjwa wake. Anamwona Evans barabarani. Anasikia sauti. Anasema atajiua.

Lucrezia yuko mbali na kwao, hana mama wa kumlilia wala dada wa kumwegemea. Anampeleka mumewe kwa daktari wa kwanza, naye anasema kijana hana ugonjwa wowote. Atafute la kujishughulisha nalo, asijifikirie mno. Anampeleka kwa daktari wa pili, bingwa mwenye cheo na gari zuri. Huyu anatambua kwamba hali ni mbaya sana, lakini anatoa muda wa chini ya saa moja na kuamua kwamba mgonjwa atenganishwe na mkewe na kupelekwa kwenye nyumba ya mapumziko, apende asipende. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili anayeuliza: Evans alikuwa nani? Mchana wa siku hiyo, Septimus na mkewe wanaketi pamoja wakitengeneza kofia na kucheka, na kwa dakika chache mume amerudi kuwa mume. Mara daktari wa kwanza anapanda ngazi. Septimus, kwa hofu ya kukamatwa, anajitupa dirishani na kufa. Daktari anamwita mwoga.

Tutulie kidogo juu ya neno hilo. Wakati wa vita hivyo, mwaka 1915, madaktari wa Uingereza walianza kuandika juu ya hali waliyoiita mshtuko wa mizinga. Askari walikuwa wakitetemeka, wanapoteza sauti, au wanashindwa kutembea bila jeraha la mwili. Wengine walipelekwa hospitali. Wengine walishtakiwa kwa utoro au woga, na baadhi yao walipigwa risasi alfajiri na wenzao kwa amri ya mahakama ya kijeshi. Mwaka 2006 sheria ya Uingereza iliwasamehe askari 306 waliouawa namna hiyo. Msamaha huo ulikuja karibu miaka 90 baada ya risasi. Na ule ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata matukio ya kutisha haukuingizwa kwa jina katika kitabu rasmi cha madaktari wa akili wa Marekani mpaka mwaka 1980. Woolf aliuchora mwaka 1925. Yeye mwenyewe aliteswa na maradhi ya akili na alijua namna mgonjwa anavyoweza kunyamazishwa na wanaomtibu.

Jioni ya siku ile, daktari bingwa anafika kwenye karamu ya Clarissa amechelewa, na mkewe anataja kwamba kijana mmoja amejiua. Clarissa anaudhika kwanza: kwa nini kifo kiletwe kwenye karamu yake? Kisha anajitenga katika chumba kidogo, na kwa mara ya kwanza katika siku nzima mtu anaitafakari nafsi ya Septimus kwa heshima. Ni mtu asiyemjua. Na kijana amekwisha kufa.

Sisi viongozi tunao wajibu wa kujiuliza kuhusu hilo. Mamlaka yoyote, iwe ya daktari, ya mwenyekiti wa kijiji, ya padre au ya katekista, inaweza kumponda mtu kwa sentensi fupi. "Jikaze, wewe ni mwanamume." "Sali zaidi, hayo yatapita." "Mbona wenzako walirudi salama?" Sentensi hizo humwonyesha mtu mlango wa kutokea. Na mkewe anayesikia maneno hayo anajifunza kwamba asirudi tena kuomba msaada.

3. Jeraha la mtu na jeraha la nchi

Riwaya ya tatu ni Ceremony, ya Leslie Marmon Silko, iliyotoka mwaka 1977. Mwandishi alizaliwa mwaka 1948 na kukulia Laguna Pueblo, jimbo la New Mexico, katika jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mhusika wake, Tayo, anarudi kutoka vita vikuu vya pili, ambako alikuwa mateka wa Wajapani huko Ufilipino. Binamu yake Rocky, waliyelelewa pamoja kama ndugu, aliuawa huko. Siku walipoamriwa kuwapiga risasi mateka wa Kijapani, Tayo aliona katika uso wa mmoja wao sura ya mjomba wake, akashindwa kupiga. Na alipokuwa akimsindikiza Rocky anayekufa katika mvua isiyokoma, aliilaani mvua. Sasa amerudi nyumbani na kukuta ukame, mifugo imekonda, na anaamini kwamba ni yeye aliyeuleta.

Anakaa kwa mama yake mkubwa, mama wa Rocky, ambaye alimlea tangu utotoni kwa sababu mama yake mzazi alimwacha. Mama huyu anamtunza, lakini mara zote kwa namna ya kuwaonyesha majirani jinsi yeye mwanamke Mkristo anavyobeba msalaba mzito. Aliyerudi si yule aliyemtaka. Mwandishi hamchukii mama huyu. Amempa huzuni yake. Lakini amemwonyesha bila kumfunika. Tunawaomba kina mama na kina baba wa vyama vyetu vya kitume wamsome kwa makini. Upo utumishi unaomlisha mtu na wakati huo huo kumkumbusha kila siku kwamba ni mzigo.

Wenzake waliopigana naye wanakutana baa. Wakiwa na sare waliheshimiwa mijini; sare zilipovuliwa, heshima ikaenda nazo. Sasa wanakunywa na kusimulia siku zile, na mmoja wao, Emo, anatembea na mfuko wenye meno ya askari wa Kijapani aliyeuawa. Serikali imewalipa malipo yao ya ulemavu ya askari, na malipo yanaishia kwenye chupa. Hapa mwandishi anasema kweli iliyo chungu: waliojeruhiwa wakiachwa peke yao, wanaweza kuligeuza jeraha kuwa dini yao.

Hospitali ya jeshi ilimtibu Tayo kwa dawa, akajiona kama moshi mweupe usio na umbo. Wazee wa kwao wanamfanyia ibada ya zamani ya kuwatakasa waliotoka vitani, nayo inamsaidia kidogo tu. Ibada hiyo iliwekwa kwa ajili ya vita ambavyo mtu alimwona usoni aliyemwua. Mzee anayeiongoza haelewi vita ambavyo mtu anaua kwa mbali bila hata kujua kama ameua. Ndipo Tayo anapokutana na Betonie, mponyaji anayesema kwamba ibada zisipokua pamoja na nyakati, zinakufa. Tayo anatumwa kwenda kufanya kazi: kutafuta ng'ombe wa marehemu mjomba wake waliopotea, kuwarudisha nyumbani, kutembea juu ya nchi yake mpaka aipende tena. Mwishoni yuko karibu na mgodi wa urani, madini yaliyotumika kutengeneza mabomu. Anamwona Emo akimtesa mwenzao, naye ana chuma mkononi. Anajizuia asimuue. Kwa kujizuia huko, mzunguko wa damu unakatika.

Tuseme wazi ili tusieleweke vibaya. Hatukileti kitabu hiki ili kumshawishi mtu aache imani yake au aende kwa waganga. Tunakileta kwa sababu kimeona jambo ambalo jamii nyingi zililijua zamani na sasa zinalisahau: mtu aliyemwaga damu, hata kwa amri halali, hawezi kushuka tu kwenye basi, akanawa mikono na kula. Anahitaji njia ya kurudi, na njia hiyo haitembelewi na mtu mmoja. Jamii iliyomtuma ndiyo inayopaswa kumpokea, kukiri kwamba ilimtuma, na kumpa kazi yenye maana kati yake.

4. Ukweli wa aliyejeruhiwa ambaye naye amejeruhi

Riwaya ya nne ni Home ya Toni Morrison, Mmarekani mweusi aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1993 na kufariki mwaka 2019. Kitabu hiki kilitoka mwaka 2012. Frank Money amerudi kutoka vita vya Korea vya miaka ya 1950, ambako rafiki zake wawili wa kijiji kimoja walikufa. Rais Truman alikwisha kutoa amri mwaka 1948 ya kukomesha ubaguzi wa rangi jeshini. Kwa hiyo Frank amepigana bega kwa bega na wazungu, na anarudi katika nchi ambamo bado hawezi kutumia choo chochote kando ya barabara. Tunamkuta akitoroka hospitali bila viatu, wakati wa baridi, baada ya kupata ujumbe kwamba dada yake Cee yu karibu kufa.

Cee hakwenda vitani. Alibaki nyumbani, naye akajeruhiwa huko huko: daktari aliyemwajiri alifanya majaribio juu ya tumbo lake la uzazi. Frank anafika, anamchukua mikononi na kumtoa katika nyumba hiyo bila kumpiga mtu. Anamrudisha Lotus, kijiji cha Georgia walichokichukia utotoni. Wanawake wa kijiji wanamwambia Frank aondoke asimame kando, kisha wanamtibu Cee kwa dawa zao, kwa jua, kwa maneno makali na kwa kumfundisha kushona shuka za viraka. Hawambembelezi. Wanamwambia kwamba hakuna anayepaswa kumwamulia yeye ni nani. Cee anapona, ingawa hatazaa tena, na hamfichi kaka yake kwamba jambo hilo linamliza.

Huzuni hiyo ya dada inayosemwa waziwazi ndiyo inayomfungua Frank. Awali alikuwa amesimulia kwamba mwenzake fulani alimpiga risasi mtoto wa kike wa Kikorea aliyekuwa akichakura takataka akitafuta chakula. Sasa anakiri kwamba aliyempiga ni yeye mwenyewe, kwa sababu mtoto yule alimwamshia tamaa ambayo hakuweza kuvumilia kuiona ndani yake. Msomaji aliyempenda Frank kwa kurasa nyingi analazimika kumtazama upya.

Morrison hakumfanya Frank shetani, wala hakumfuta machozi haraka. Ameturuhusu tushike mambo mawili kwa mkono mmoja: mtu huyu ameumizwa, na mtu huyu ameumiza. Huruma isiyotaka kujua alilofanya ni huruma ya nusu. Hukumu isiyotaka kujua alilofanyiwa nayo ni haki ya nusu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi mengine yanayofichwa ni dhambi. Tunaoamini katika kitubio tunafahamu kwamba kusamehewa kunaanza kwa kutamka. Lakini mtu hatamki mbele ya mtu aliyekwisha kuziba masikio, au mbele ya jamii inayotaka kumwita shujaa tu.

5. Hodi katika nyumba zetu

Hatusemi kwamba historia yetu ni sawa na hizo. Lakini vita vya wengine vimekwisha kupita katika nyumba za Afrika Mashariki. Jina la Kariakoo, tunalolitaja kila siku Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha vita kuu ya kwanza, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita hivyo kwa njaa, magonjwa na uchovu. Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 inawakumbuka waliokufa. Hatuna sanamu ya mke aliyempokea aliyerudi. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma. Mwaka 1978 na 1979 vijana wetu walikwenda vita vya Kagera mpaka Kampala. Desemba 2017, askari wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani mashariki mwa Kongo walishambuliwa Semuliki. Wasiopungua 14 waliuawa na wengine wengi kujeruhiwa. Waliokufa tunawazika kwa heshima. Waliojeruhiwa wanarudi mtaani, wanakaa viti vya nyuma kanisani, na mara nyingi tunamwachia mke peke yake mzigo wote.

Kutokana na riwaya hizo nne, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tumsikilize aliyerudi kabla ya kumshauri. Tuulize jina la Evans wake, yaani yule aliyempoteza. Swali moja la namna hiyo, likiulizwa na mtu mwenye muda, lina thamani kuliko hotuba nyingi.

Pili, tuusikilize mlango pia. Mke, mama, dada na watoto si nyongeza ya habari ya askari. Na tuseme bila kuyumba: jeraha la vita linaeleza ukali wa mume, lakini halimpi ruhusa ya kumpiga mke wala kuwatisha watoto. Kiongozi wa jumuiya anayemrudisha mwanamke kwenye kipigo kwa jina la uvumilivu hajapatanisha mtu. Usalama wake kwanza, mazungumzo baadaye.

Tatu, tusichague kati ya sala na tabibu. Mwenye ndoto za kutisha, mwenye kunywa ili alale, mwenye kusema atajiua, asindikizwe hospitali, na asindikizwe na mtu, asipewe barua tu. Sala iende naye, isiwe kisingizio cha kumwacha nyumbani. Msamaria yule tunayemjua alimfunga majeruhi vidonda, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akalipa, na akaahidi kurudi. Wengi wetu tunafika kwenye kufunga vidonda tu.

Nne, tumpe nafasi ya kutoa, asiwe wa kupokea peke yake. Tayo alipewa ng'ombe wa kuwatafuta. Frank alipewa dada wa kumbeba. Mtu aliyevunjika anapona akihitajiwa kwa kazi ya kweli, kwa kadiri ya nguvu zake.

Ndugu wapendwa, katika riwaya hizi nne mmoja alipona ili arudi kufa, mmoja alikufa kwa sababu hakusikilizwa, na wawili walipata njia. Hao wawili hawakuwa hodari kuliko wenzao. Waliopata njia walikuta watu waliokubali kukaa nao wakiwa bado hawajapona. Tofauti hiyo iko katika uwezo wa jumuiya ya nyumba kumi. Haihitaji bajeti ya serikali, wala haingoji mkataba mpya wa amani.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika eneo letu yupo aliyerudi kutoka vitani, jeshini, gerezani au ukimbizini ambaye hatujamtembelea? Nani anaishi naye, na huyo naye hali yake ikoje?

2. Tunaposema "amepona", huwa tunamaanisha nini?

3. Ni maneno gani tumezoea kuwaambia wanaume wanaoumia ambayo yanawafunga midomo?

4. Tufanye nini ili anayetaka kukiri alilolifanya apate masikio, na yule aliyetendewa asisahauliwe?